Betri ya Landrova ya Baba

Enzi zetu gari lilikuwa na tabia kama mtu, na ilikupasa uzijue. Siku hizi mjukuu wangu anabonyeza kitufe, gari linamsalimia, linamkumbusha mkanda, kisha linamwonyesha njia ya kwenda Mikindani, safari ambayo hata mbuzi hapotei.

Pale Likombe tulipokuwa wadogo, magari yalikuwa machache kiasi kwamba tuliyajua kwa mlio. Tukiwa ndani tunakula mihogo, mmoja angesema, "Lile lori la korosho, linatafuta gia," na kweli lingetokea. Kioo cha dirisha kilipandishwa kwa kuzungusha mkono. Kikigoma, unakivuta kwa viganja viwili. Redio ikimeza kaseti, unautoa utepe taratibu, unaurudisha kwa kuzungusha kalamu, na muziki wa dansi unaendelea, ila mwimbaji sasa ana mafua. Na sisi tuliotoka kuangalia picha za karate hatukupanda gari kwa ngazi. Tuliruka. Makovu ya magotini tunayo mpaka leo.

Baba yangu alikuwa karani bandarini, Mngoni aliyehamishiwa Mtwara kikazi. Alikuwa na Landrova kuukuu aliyoinunua kwa padri aliyekuwa akirudi kwao. Betri yake ilikufa kabla mimi sijajua kusoma. Kwa hiyo kila jioni baba aliiegesha juu ya mteremko kando ya nyumba, jiwe mbele ya gurudumu, na asubuhi watoto wa mtaa tuliisukuma. Baba akiachia klachi, ilikohoa, ikatutemea moshi, ikawaka. Sheria ilikuwa moja: aliyesukuma hupanda. Tulijazana kwenye mabenchi ya nyuma mpaka shuleni mjini, tunanuka kama samaki wa kubanika, maringo yametujaa.

Mama hakuipenda sheria hiyo. "Mzigo wote huo unakunywa mafuta," alisema. "Nunua betri, Baba Linus, na sisi tuwe na gari kama watu." Linus ndiye mimi.

Hatimaye baba akanunua betri kwenye duka moja Mikindani. Landrova ikawaka kwa ufunguo, na wasukumaji wakakosa kazi. Mimi nilipanda kama mtoto wa mwenye gari, wenzangu wakatembea. Aliyeumia zaidi ni Somoe, msichana wa darasa letu, aliyekuwa akija kusukuma nasi kutoka mbali, upande wa Mtawanya. Sasa alifika shuleni kengele imeshalia, na fimbo ilikuwa inamngoja. Siku moja alituambia, kama mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba baba yake amechoka kuona mikono yake imevimba. Akiendelea kuchelewa, atabaki nyumbani kubangua korosho.

Nililisema hilo mezani, kati ya tonge na tonge. Wiki hiyohiyo betri mpya ikafa.

"Imelala," baba alisema.

"Huyo mwenye duka kakuuzia jiwe," mama alisema. "Irudishe."

Baba hakukosa jibu. Leo duka limefungwa, kesho kuna meli inaingia. Sisi tukarudi kusukuma kwa furaha kubwa. Jambo la ajabu ni kwamba hatukuruhusiwa kusukuma mpaka Somoe atokee kwenye kona. Baba alikuwa akifuta kioo ambacho kilishatakata.

"Linus, baba yako anangoja nini?" aliniuliza Chande, mtoto wa jirani.

"Anangoja betri," nikamjibu. "Ile pale inakuja na mkoba."

Tukamwita Betri tangu siku hiyo. Mwanzoni Somoe alicheka. "Sukumeni, acheni domo," alitujibu. Baadaye akaacha kucheka, mimi sikuacha. Nilijiona mchekeshaji.

Asubuhi moja Somoe hakutokea. Alikuwa na homa, ila hatukujua. Baba alifuta kioo, akafuta taa, mwishowe akapanda barabarani kuchungulia. Mama akatoka amejifunga kanga ya safari. "Leo betri hii naipeleka dukani mwenyewe," alisema. Akaingia kwenye kiti cha dereva, akazungusha ufunguo kama alivyomwona mumewe, ahakikishe kwanza kwamba imekufa.

Landrova ikawaka palepale. Sisi tulikuwa nyuma, mikono kwenye bodi, tukaumeza moshi wote.

Baba alikuja mbio, kisha akasimama.

"Baba Linus," mama akamwambia, "betri yako imefufuka."

Baba akatazama viatu vyake. "Nilikwenda kwa baba yake Somoe, nikamwomba tuwe tunamchukua mtoto. Akanijibu kwamba mwanawe ana miguu, hawajaomba kubebwa. Sasa akisukuma, habebwi. Amefanya kazi."

"Na mafuta?"

"Nitaacha sigara."

Mama akashuka kwenye kiti cha dereva. "Basi kizime hicho kidude," akasema, "kinayamaliza hayohayo mafuta."

Somoe alirudi baada ya siku chache, macho bado mekundu. Mama ndiye aliyemwona kwanza, toka mlangoni. "Afadhali umekuja, mwanangu. Hii takataka imelala tena. Ila wewe umetoka kuumwa, leo toa lile jiwe tu."

Somoe akatoa jiwe, tukasukuma, baba akaachia klachi. Hakuna aliyecheka. Somoe hakuacha shule, na mtihani wa mwisho alinipita mbali.

Nami nikaja kuwa na magari yangu, moja baada ya jingine, yote ya kuwaka kwa ufunguo. Miaka mingi nilipita barabara ileile asubuhi, nikiwaona watoto wenye sare wakifunikwa na vumbi kwenye kioo changu cha nyuma. Nilikuwa nawahi. Sikumbuki hata nilikuwa nawahi nini.

Gari la mwisho nililiuza macho yaliponipungua. Sasa asubuhi nasimama barabarani na fimbo yangu, nikitafuta bodaboda asiye na haraka. Watoto wanapita kwa miguu mbele yangu, na magari yanatupita sote, mazuri, ya baridi, dereva peke yake na viti vya nyuma vitupu. Hakuna hata moja linalosumbua kuwaka.