Kichwa cha Mdogo Wangu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulikaa Biryogo, karibu na msikiti, hapa Kigali. Mvua za Novemba zilileta senene, wale panzi wa kijani wanaofuata taa. Baada ya sala ya alfajiri mimi na Mama tuliwaokota barabarani, tukawanyonyoa mabawa na miguu, naye akawakaanga kwa kitunguu na chumvi. Kisha sahani ilikwenda kwa Baba.

Bibi, mama yake Baba, alikulia Bukoba, na huko mwanamke hakula senene. Mwenye mimba akila, alisema, mtoto atazaliwa na kichwa cha senene.

"Sasa chumvi tunaijuaje?" nilimuuliza.

"Kwa pua, mjukuu wangu. Ulimi waachie wanaume."

Mwaka ule Mama alikuwa na mimba. Viganja vyake vilipauka, na akipanda mlima wa kwetu alisimama kila mara kupumzika. Nesi wa zahanati alimwambia damu imepungua, ale nyama. Mama akasema nyama haipatikani kila siku. Nesi akatazama vidole vyake, vya kijani kwa kunyonyoa, akacheka.

"Na hao mnaowapikia wanaume? Kula, mama. Nao wanaongeza damu."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta jikoni, amegeukia ukuta, anatafuna polepole kama mtu anayemeza dawa. Na asubuhi nyingine pia. Sikumwambia mtu. Bibi alijua kwa pua ile ile: alimsogelea Mama, akanusa pumzi yake. Tangu hapo hakumtaja tena mtoto. Nami usiku nililala kando ya tumbo lile nikiwaza macho makubwa ya senene.

Mama aliporudi na mtoto kutoka zahanati, Bibi alifunua kitambaa, akapapasa kichwa chote kwa vidole. Mimi nikajipenyeza. Sikumsalimu Mama, sikumtazama hata uso. Nilitazama kichwa.

"Umeridhika, mwanangu?" Mama aliniuliza mimi, si Bibi. "Ni kichwa cha mtu."

Bibi akasema alhamdulillahi, akatoka nje.

Baba na Bibi tuliwapoteza mwaka wa tisini na nne. Mama, Mungu amemchukua mwaka huu. Siku hizi nasikia redioni wataalamu wakisifu wadudu, kwamba ni lishe nzuri kwa wajawazito. Mama aliliamini hilo peke yake, kwa neno la nesi mmoja, na nadhani alikuwa na hofu kama mimi. Alikula hivyo hivyo. Halafu akarudi amechoka, akatafuta jicho langu mimi mwanawe, akalikuta linapima kichwa cha mtoto. Hilo ndilo ninaloonea haya mpaka leo, hata nikiwa kwenye mswala.

Tulipomwosha, mdogo wangu Hadija, mtoto yule yule, alishika kichwa cha Mama, nami nikamimina maji. Nilitaka kuomba radhi, badala yake nikazidisha maji. Yakamwagika kwa kasi.

"Polepole, dada," Hadija alisema.

Nikamimina polepole.