Wifi Mwenye Filimbi

Kila Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, filimbi inalia mlangoni kwangu. Priii! Hapigi hodi huyo, anapiga filimbi. Na watoto wangu wawili, ambao siku za shule nawaamsha mpaka sauti inanikauka, wanaruka kitandani kama wamemwagiwa maji.

Huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Ni mlinzi kwenye lango la benki, wima kutwa nzima, Jumatatu hadi Ijumaa. Watoto wake wamekua, wamehamia mbali, wanapiga simu wakikumbuka. Basi Jumamosi zake zote kazihamishia kwa wangu. Anawapeleka bustani kubwa ya mjini, ile yenye bembea na bomba linalorusha maji juu, na mimi nabaki na cherehani. Mimi ni fundi nguo, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanayonikalia kooni.

"Wifi, nikuachie hata mmoja?" huniuliza akicheka.

"Chukua wote, Wifi, Mungu akubariki," namjibu, meno nje. Rohoni nasema mengine.

Wivu, ndiyo. Tena si ule wa kununa kidogo ukapita. Ulinikaba hasa. Wakirudi jioni, Kijino, binti yangu mdogo aliyeng'oka meno ya mbele, hana habari nyingine. Shangazi anagandisha chupa za maji nusu, kazilaza ubavu, asubuhi ndiyo anazijaza. Shangazi analowesha leso anatufunga shingoni. Shangazi anajua kivuli. Hapo ndipo nilipokuwa nachoka kabisa. Kivuli nacho kina mjuzi! Kisa kasimama langoni miaka nenda rudi akikifuata kivuli cha ukuta, basi na mkeka wake bustanini anausogeza kidogo kidogo, jua halijawagusa.

"Mama, wewe unajua kivuli kitakuwa wapi saa sita?"

"Nyamaza ule," nikamwambia.

Kilichonikata maini ni siku Kijino alipojikwaa kwenye kizingiti cha chumba changu cha kushonea. Mimi nipo, hatua mbili tu kutoka kwake. Akalia, "Shangaziii!" Shangazi mwenyewe yuko kazini analinda pesa za watu. Nikambeba, nikampuliza goti, naye anaendelea kumwita mwingine humohumo mikononi mwangu. Jamani! Mtoto nimemzaa mimi.

Nikaapa kwamba Jumamosi ijayo nawatoa mwenyewe. Nikamwambia wifi apumzike, nikatundika kibao mlangoni: Fundi hayupo. Nikawashonea na nguo mpya za matembezi, kitambaa kizito cha kung'aa, ndani nikatia bitana, kwa sababu nguo isiyo na bitana kwangu ni aibu. Mtu akiuliza nani kashona, nijibu kifua mbele. Mpaka nimemaliza kupiga pasi na kumsuka Kijino, saa tano imeshapita.

Bustani ilikuwa inawaka. Kila kivuli kilikuwa na wenyewe, wametandika na kunyoosha miguu. Mtoto wangu mkubwa alikalia bati la kuteleza, akaruka akishika mapaja. Chupa zangu nilizigandisha zimejaa pomoni: moja ilipasukia frijini, nyingine ilikuwa jiwe tupu, tukabaki kuilamba. Na maji ya bomba nikawakataza. Bitana ikilowa inajikunja, nguo inaharibika. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Watoto wa watu wanarukaruka kwenye maji, wangu wamesimama kando kama maharusi.

Kijino akakaa chini. Akasema kichwa kinamuuma, kisha akanyamaza, na Kijino hanyamazi. Nikamvua lile gauni palepale na bitana yake, nikamwingiza kwenye maji na chupi tu. Alipopata nafuu aliniegemea begani.

"Nataka Shangazi," akasema taratibu, bila ubaya wowote. Heri angenipiga kofi.

Jumamosi iliyofuata filimbi ilipolia, nilitoka mimi kwanza.

"Wifi, leo twende wote."

"Na wateja?"

"Watanikuta Jumatatu."

"Haya, karibu," akasema. Lakini hakucheka.

Tulifika umande haujakauka. Akatandika mkeka upande wa mti ambao sikuelewa kwa nini, mpaka jua lilipopanda na sisi tumekaa kivulini. Akasogeza, tukasogea. Akapiga filimbi, watoto wakaja mbio wamelowa chapachapa, wakanywa maji ya barafu, wakarudi kucheza. Kila alichofanya kilikuwa sawa, na kila kilipokuwa sawa roho iliniuma zaidi. Nilitamani hata kimoja akosee.

Ndipo Kijino akateleza kwenye sakafu ya bomba la maji, akapiga goti. Tukaanza kuinuka wote wawili. Nikakaza masikio, nangoja jina litakalotoka.

"Mamaaa!"

Wifi alikuwa ameshanyanyuka nusu, mkono umenyooka. Akakaa tena. Akajifanya ananyoosha pembe ya mkeka ambayo wala haikujikunja. Ule uso niliutambua papo hapo, maana nimeuvaa mwaka mzima.

Nikafurahi. Naapa, nilifurahi kuliko inavyofaa. Nikamfuata mwanangu, nikambeba, nikarudi naye nikipita mbele ya wifi polepole, makusudi kabisa, ili aone ile mikono midogo ilivyonishika shingo. Akaona. Akaichukua filimbi yake akaifungia ndani ya mkoba, zipu mpaka mwisho, na ilikuwa saa nne tu, siku bado mbichi.

"Wifi," nikamwita. "Hebu njoo unilowekee leso, goti limechubuka."

Leso ilikuwa mkononi mwangu, imeshalowa. Aliipokea, akaikamua yote, akaenda kuilowesha upya.