Zamu ya Saa Nane

Wifi yangu ni muuguzi wa wodi ya watoto, na kazi humfuata mpaka nyumbani. Kwenye mlango wa jikoni ametundika daftari lenye safu mbili, Aliyekabidhi na Aliyepokea. Kinachokabidhiwa kati yake na kaka yangu ni binti yao wa miaka saba, tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Wifi hurudi kutoka hospitali saa nane mchana. Kaka yangu, mpiga chapa, hutoka saa nane hiyo hiyo kwenda kiwandani. Hupishana mlangoni, huyu anavua viatu, yule anavaa.

"Mtoto yuko imara. Amekataa maharage," kaka huandika. Nimelicheka daftari hilo mpaka nikapigwa marufuku kulisoma.

Basi shule ikatangaza mbio za mzazi na mtoto, mguu wa huyu umefungwa kwa kamba na wa yule. Saa ngapi? Saa nane kamili! Chiriku hakumwomba mzazi yeyote, na hilo ndilo lililonikata maini. Mwaka jana baba yake aliahidi, mashine ikagoma, mtoto akasimama uwanjani na kamba yake mkononi hadi mbio zikaisha. Safari hii alikuja moja kwa moja kwangu.

"Shangazi, wewe huna zamu. Utakimbia na mimi?"

"Na magoti haya?"

"Tutaenda polepole."

Ningekataaje? Nikanunua raba.

Siku yenyewe nimeinama nafunga kamba, nikamwona wifi anaingia getini mbio, na sare yake ya kazi. Alikuwa amemwomba mwenzake amshikie saa ya mwisho ya zamu, kimya kimya, asije akampa mtoto ahadi hewa. Sijakaa sawa, huyu hapa kaka, vidole vyeusi kwa wino wa jana, naye kaomba kushikiwa zamu kimya kimya vile vile. Wakatazamana kama watu waliofumaniana.

"Si uko kazini wewe?"

"Na wewe je?"

Chiriku aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akatanua miguu. "Mama huku, baba huku. Shangazi, leta kamba nyingine!"

Mwalimu akaanza kueleza kuwa sheria ni mzazi mmoja. Nilimkazia macho tu, akapuliza filimbi.

Jamani! Kaka alianza na mguu wa kulia, wifi na wa kushoto, na mtoto wa watu katikati hana mguu wa kwake. Hawa hawajatembea pamoja mchana tangu lini sijui. Walianguka mara tatu. Wenzao walipokuwa wanakunywa maji, wao bado walikuwa katikati ya uwanja, wanahesabu "moja, mbili" kwa sauti, kila mmoja na hesabu yake, na Chiriku anacheka mpaka anakwama. Mimi nilicheka huku nalia, wala sioni haya kusema.

Jioni nilivunja amri nikafungua daftari. Nafasi za siku hiyo zilijazwa kwa penseli, herufi kubwa zilizopinda. Aliyekabidhi: hakuna. Aliyepokea: wote wawili.

Na chini yake: Mtoto yuko imara.