Kaunta ya Roho Zilizopotea

Kaka mtu alikufa Jumamosi alasiri, chai ikiwa bado ya moto, akimfuata punda ndani ya zizi linaloungua.

“Haya, nimekufa,” alisema. Akasukuma kiti nyuma, akaichukua kofia yake msumarini. “Asanteni kwa chai.”

Kwa kweli aliyekufa alikuwa Kishindo, shujaa wa upanga mwenye kitambi, ambaye kaka mtu alimwigiza kila Jumamosi kwenye meza ya kulia ya dada yake. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuuacha. Mtu mmoja anaibeba dunia nzima kichwani: milima, wafalme, mazimwi, hata mvua. Wengine kila mmoja anamwigiza mtu mmoja ndani ya dunia hiyo, kwa mdomo tu, na panapokuwa na shaka dadu linaamua. Kishindo alitaka kumwokoa punda wake aitwaye Shangazi. Dadu likaangukia moja, na dadu la pande ishirini likishaangukia moja huna wa kumlalamikia.

Aliyeibeba dunia alikuwa dada mtu. Stendi nzima ya mabasi ilimwita Mama Mizigo, kwa kuwa alikaa kaunta ya mizigo iliyopotea, chumba kisicho na dirisha nyuma ya ofisi ya tiketi. Huko ndiko mchezo ulikotoka. Ulikuja ndani ya sanduku la kijani ambalo mwenyewe hakulifuata. Muda wa kungoja ulipokwisha, wafanyakazi wenzake wakagawana mashati, yeye akabaki na mfuko wa madadu ya rangi rangi na kitabu kinene cha sheria ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Chupa ya mafuta ya nywele ilikuwa imepasukia humo. Kurasa za mapigano zilisomeka vizuri. Kurasa za kifo zilikuwa zimegandana kama kipande cha sabuni.

Basi watu wa dunia ile walijua kupigana barabara, ila hakuna aliyejua wakifa wanakwenda wapi. Na hapakuwa na aliyejali, mpaka siku ya punda.

“Kaka Breki, kaa bwana,” alisema Msusi, jirani wa ghorofa ya chini, aliyemwigiza mchawi mwenye maringo. “Nina dawa ya kufufulia mkobani. Tone moja tu.”

“Sitaki kuamshwa na chupa.”

“Ni mchezo, kaka.”

“Mtu akifa amekufa. Ingekuwa ni mambo ya chupa…”

Hakumaliza. Akavaa kofia, akateremka ngazi taratibu, vile vile alivyoendesha basi maisha yake yote mpaka abiria wakambandika jina la Breki.

Wote mezani walijua sentensi ile ilikuwa inaelekea wapi. Alikuwa amemzika mkewe mwaka juzi, na chupa za dawa zilikuwa zimejipanga dirishani mpaka siku ya mwisho. Baada ya hapo alistaafu, akafunga mapazia, akawasha redio, akaketi. Dada yake alimbembeleza kwa chai, akamtia dadu mkononi kama anayempa mtoto njuga, na ajabu ni kwamba kaka mtu alilirusha. Tangu hapo Jumamosi ikawa siku pekee aliyonyoa ndevu. Mama Mizigo alilijua hilo kuliko alivyoijua ratiba ya mabasi: Kishindo akikaa kaburini, kaka yake naye anarudi nyuma ya pazia.

Kwa hiyo alikuwa na kazi ya kuunda ahera. Tena si ahera ya kubabaisha. Ilibidi iwe mahali ambapo mtu mkaidi, asiyetaka kufufuliwa, angekubali angalau kuwa maiti.

Ahera ya kwanza aliipeleka saluni, akiwa ameinamisha kichwa mikononi mwa Msusi. Fundi Saa, mchezaji wao wa tatu, alikuwa juu ya stuli akirudisha ukutani saa aliyoitengeneza. Katika mchezo alikuwa mwizi, mwizi mwenye adabu, anayebisha hodi kabla ya kuvunja.

“Kuna mizani,” alisema Mama Mizigo. “Matendo mema huku, mabaya kule.”

“Nani anapima?” aliuliza Fundi Saa.

“Mzee mwenye ndevu.”

“Mizani yake ilikaguliwa lini?”

“Fundi, ni ahera!”

“Ndiyo maana nauliza. Mimi nimeiba taji, lakini wewe ndiye uliyeliweka mezani na mlinzi ukamlaza usingizi. Dhambi hiyo ni yangu au yako?”

Ubishi ule ulichukua muda wote wa kusuka upande wa kulia. Mizani ikafa.

Upande wa kushoto ulipoanza, Mama Mizigo alitoa ahera ya pili, tamu ajabu: bustani, maji ya moto bure, hakuna ngazi za kupanda, hakuna mteja wa kukwambia umemvuta sana. Mkono wa Msusi ukasimama hewani.

“Dada, lile joka la pangoni bado linakula watu?”

“Ndiyo. Kwa nini?”

“Jumamosi naliendea. Najipaka chumvi kabisa.”

“Na mimi nakufuata,” alisema Fundi Saa kutoka juu ya stuli. “Magoti yangu na ngazi hayaelewani.”

Ndivyo alivyogundua kosa ambalo watunga pepo wengi, nadhani, hulifanya: ukiipamba mno, hakuna atakayebaki duniani kufanya kazi. Ahera ya tatu ikawa na foleni ndefu ya roho, zimesimama kwenye ukungu zikisubiri kuitwa. Hiyo alimpelekea Breki kwa simu. Breki alisikiliza mpaka mwisho, redio ikinguruma nyuma yake.

“Miaka yote nimekaa kwenye foleni za barabarani,” alisema. “Sasa nife, nipange tena?” Akakata simu.

Jumamosi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Walirusha dadu bila raha, wakala biskuti, mchawi na mwizi wakatembea porini wakilumbana nani abebe hema, maana siku zote hema lilikuwa mgongoni kwa Kishindo. Walivunja mchezo mapema, na Mama Mizigo akaosha vikombe akiwa amenuna kama mtu aliyepoteza mzigo wake mwenyewe.

Jibu lilimfuata kazini. Asubuhi moja alikuja kijana mtanashati, tai shingoni, akasema amepoteza begi jeusi.

Mabegi yote ya dunia ni meusi. Yaliyobaki ni ya buluu iliyoiva sana. Ndiyo sababu kaunta ile haikuwa na haja na rangi, wala ukubwa, wala mkanda mwekundu uliofungwa mpinini. Mama Mizigo alikuwa na swali moja, na alilisema kwa sauti ile ile kwa waziri na kwa mpagazi.

“Ndani kuna nini?”

“Nguo,” alisema kijana.

“Kila mtu ana nguo.”

“Vitabu. Chaja.”

“Hayo hata mimi ningeyataja. Niambie kitu ambacho mwingine hawezi kukijua.”

Kijana akatazama kulia na kushoto, tai ikambana. “Kuna… kuna mto mdogo. Wa tangu utotoni. Umeshonwa bata.”

Mama Mizigo akaenda kwenye rafu, akafungua zipu, akamkuta bata. Alimkabidhi kijana begi lake bila kucheka, maana kucheka kungeharibu kazi. Ila alipogeuka na kuona rafu zile, mabegi yameketi kimya yakingoja mtu atakayejua kilichomo, alisimama akasahau kufunga droo.

Jioni hiyo alipitia kwa kaka yake. Breki alifungua mlango, ndevu zimejaa, redio inazungumza peke yake. Pazia lilikuwa limefungwa ingawa nje kulikuwa bado kweupe, na taa ya sebuleni na ya jikoni zote zilikuwa zinawaka.

“Kama ni ile foleni, rudi nayo,” alisema.

“Foleni nimeitupa. Kishindo yuko rafuni.”

“Rafu gani?”

Akamweleza. Anayekufa katika dunia ile hapimwi, haadhibiwi, wala hapewi bustani. Anawekwa kwenye ghala kubwa, kavu, lenye rafu mpaka darini. Anakaa hapo mpaka atokee aliye hai, aje kaunta, aseme kilichomo ndani yake. Si upanga, si kitambi, si sifa za msibani. Kilichomo ndani. Akipatia, roho inatoka naye.

Breki alikuna ndevu. “Rafuni wanakaa kimya tu, kama viroba?”

“Hapana. Wanapiga soga usiku na mchana. Tatizo ni hilo, kaka. Wafu ni wengi na mimi nina mdomo mmoja. Nahitaji mtu wa kuwasemea.”

“Kwa hiyo unanitafutia kibarua.”

“Nakutafutia rafu.”

“Lakini sirudi kuwa hai. Tuelewane.”

“Nani kasema utarudi? Huenda asitokee hata wa kukufuata.”

Breki akakunja uso. “Asitokee? Wale wawili? Hema lao nimelibeba mimi! Chungu chao nimekibeba mimi!”

“Basi Jumamosi tutaona,” alisema dada mtu, akaaga upesi kabla uso wake haujamsaliti.

Jumamosi Breki alifika wa kwanza, amenyoa, na kidevuni kijikaratasi kidogo kimezuia damu ya wembe. Kwa saa nzima alikuwa wafu wa ghala lile. Alikuwa malkia anayelalamikia upepo unaopita chini ya mlango. Alikuwa jenerali ambaye hakuna askari wake hata mmoja aliyekuja kumfuata, na bado anawasifu. Alikuwa kuku, aliyewekwa rafu moja na mpishi wake, na mazungumzo ya wawili hao yalimfanya Msusi ashike mbavu na kumwomba anyamaze.

Kisha mchawi na mwizi wakafika kaunta. Mama Mizigo alivaa miwani ya kazini.

“Tumemfuata Kishindo,” alisema Fundi Saa.

“Ndani kuna nini?”

“Ushujaa.”

“Kila mtu ana nguo. Mkikosea mara tatu mnarudi wiki ijayo.”

“Mara tatu? Sheria hiyo imetoka wapi?”

“Imebandikwa ukutani. Umebakiwa na mbili.”

Fundi Saa akawaza kama anayetafuta skrubu sakafuni. “Njaa. Ndani mna njaa. Nimeona mtu yule akila kondoo.”

“Ulimwona kwa macho. Basi ni nje hiyo.”

Kutoka rafuni Kishindo akaguna. “Nilijua. Hema wanalijua, mwenye mgongo hawamjui.”

“Nyamaza wewe, umekufa,” alisema Msusi. Alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akimtazama Breki jinsi anavyomtazama mteja kwenye kioo, kichwa amekiinamisha kidogo. “Anaogopa giza.”

Hapana aliyeigusa biskuti.

“Kila tulipolala porini,” Msusi akaendelea, “nani alichunga moto? Yeye. Kuchota maji anakimbia, kupika anakimbia, kulinda lango anasema mgongo unamuuma. Ila zamu ya moto haachii mtu. Sisi tukasema mchapakazi huyo, tukajifunika. Uchapakazi gani? Mtu hataki moto uzime.”

Breki alikuwa analigeuza dadu vidoleni. “Nani kakwambia?”

“Hakuna. Nimelala porini na huyo mtu tangu mwaka jana.”

Mama Mizigo alikumbuka taa zile mbili, zikiwaka nje kungali kweupe. Alisogeza miwani, akarudi kwenye sauti ya kazini.

“Begi huwa nafungua zipu nikaangalia. Roho haina zipu. Ni lazima ijifungue yenyewe. Wewe wa rafuni, umesikia. Ni kweli au si kweli?”

Breki aliweka dadu chini. “Kidogo,” alisema.

“Kidogo nini?”

“Anaogopa kidogo. Huyu mchawi asitie chumvi.”

Fundi Saa ndiye aliyeanza kucheka, Msusi akafuata, na mwishowe hata marehemu. Mama Mizigo akagonga meza kwa kikombe, kama anavyogonga muhuri kazini, na Kishindo akatoka ghalani, akashuka rafuni kwa makalio, akadai hema lake libebwe na mtu mwingine. Msusi akasema mchawi wake atakaa naye zamu ya moto, wawe wawili. Kishindo akasema atalifikiria.

Kisha akageuka, akatazama kule rafuni alikotoka.

“Na Shangazi?”

“Punda hana roho,” alisema Fundi Saa.

“Anayo kukushinda, mwizi we!”

Mama Mizigo hakuwa amemfikiria punda. Lakini miaka ya kaunta inamfundisha mtu kutoshtuka. “Yupo. Rafu ya chini, karibu na mlango. Ndani kuna nini?”

Breki akafungua mdomo. “Ni mkaidi.”

“Punda wote ni wakaidi. Moja hiyo.”

“Ana… ana doa jeupe sikioni.”

“Nje hiyo. Imebaki moja.”

Breki alinyanyua kidole, akakishusha. Alipapasa kidevu mpaka kijikaratasi kikadondoka mezani. Akainuka, akaichukua kofia msumarini.

“Usimpe mtu mwingine,” alimwambia dada yake. “Umesikia? Hata akitaja doa. Nipe mpaka Jumamosi.”

Akateremka ngazi. Wakamsikia akisimama katikati, akajinong’oneza kitu, akasema “hapana, si hicho,” kisha akaendelea kushuka.