Mufupa wa Goti na Paja la Kuku

Goti langu la kushoto lilikuwa na tabia ya kukwama kama mlango wa choo cha shule yetu: unasukuma, linakataa, halafu linafunguka ka! mbele ya watu wote. Mimi ninayeona haya hata kujibu "prezan" jina langu linapoitwa darasani, nilitamani liwe goti la mtu mwingine.

Daktari wa hapa Bunia alipiga radio, ile picha ya mifupa, akaibandika dirishani. Kati ya mifupa mikubwa kulikuwa na mufupa mwingine, mdogo kama jino.

"Ulianguka?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Daktari akasema kama ni kipande kilichovunjika na kinatembea-tembea, watapasua. Kama kimeota ndani ya meniski, ule mto laini unaokaa kati ya mifupa, hicho ni kitu cha nadra sana, na kinaweza kuachwa. Radio haionyeshi mto. Tuende Kampala, kwenye mashine kubwa ya IRM, inayopiga picha hata za vitu laini.

Nyumbani, mtaani Ngezi, tantine, mdogo wa mama, hakungoja Kampala.

"Mutoto hakuanguka, na mufupa iko ndani. Basi walimutupia kwa ulozi. Siku ya Bonané, mwaka ikianza, nani alimupa paja la kuku?"

Wote wakamgeukia koko, mama mzazi wa baba.

"Kama ningejua kutupa mufupa," koko akasema, "ningeanza na mudomo yako."

Nilicheka, peke yangu. Kesho yake tantine aliliweka begi la koko mlangoni, arudi kwake Ariwara, kwenye nyumba isiyo na mtu. Baba, anayemwogopa tantine kuliko polisi wa barabarani, alisema tu, "Tungoje ile IRM." Begi likabaki palepale. Mimi na koko tunalala chumba kimoja. Ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kutazama vidole vyangu vya miguu.

Kampala wakaniingiza ndani ya bomba linalopiga kelele kama mashine ya kusaga mihogo. Walinikataza kujikuna. Nilijikuna. Wakarudia.

Karatasi ya majibu ilikuwa ya Kiingereza, na kwetu Kiingereza ninacho mimi tu, kile cha shule, yaani nusu. Jumapili baada ya misa wakanikalisha katikati ya sebule.

"Soma," tantine akasema, "na usimung'unye maneno."

Nikasoma, nikitafsiri. Kwamba mufupa uko ndani ya meniski, upande wa nyuma, kama mbegu ndani ya tunda la avoka. Kwamba una mafuta yake ndani, kama mufupa wowote uliojiotea. Kwamba hakuna mahali palipovunjika. Mpaka hapo, ukweli mtupu.

"Na nani aliuotesha?" tantine akauliza.

Nikashusha kidole mpaka chini kabisa mwa karatasi.

"Hapa wanasema hakuna mutu. Mufupa ya namna hii haitupwi, na haitoki mu kuku."

"Wameandika kuku?"

"Kuku na mbuzi."

Tantine akaichukua karatasi, akaielekeza kwenye mwanga kama noti ya dola, akairudisha. Baba akakohoa, akasimama, akalibeba mwenyewe begi la koko mpaka chumbani kwetu.

Jioni koko akakaa kitandani. "Ile mustari ya kuku, nionyeshe."

Nikamwonyesha saini ya daktari. Akaitazama sana.

"Kumbe Kiingereza iko lugha fupi," akasema, akaanza kutoa vitenge vyake kwenye begi.