Chupa Zilizolalia Sufi

Iddi Mwero wa Milalani alikuwa hodari wa kulala. Usicheke, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, na fundi wa magodoro akishamaliza kushona hana budi alilalie godoro mwenyewe, ajigeuze ubavu huu na huu, asikie kama pana donge. Mafundi wengine walijigeuza wakainuka. Iddi alijigeuza mara moja tu, na mwenye godoro akija alimkuta anakoroma, sindano ingali mkononi. Akiamshwa hakuona haya. "Sasa nikuhakikishie vipi, bwana? Si umejionea?"

Maharusi wangapi wa Msambweni walilalia kazi ya mkono wake, hata yeye hajui. Kisha yakaja magodoro ya sponji. Yalitoka Mombasa yamekunjwa juu ya mabasi, yana maua ya kila rangi, mtu analitia kichwani huku anapiga mluzi. Nani tena atakaa barazani kumngoja Iddi aamke? Magunia yake ya sufi yakapanda darini, panya wakapata makao mema, na Iddi akaenda kuomba kazi kiwanda cha achari, kile kilichokuwa kando ya barabara ya kwenda Ramisi.

Akatiwa kwenye kupakia. Kazi yenyewe: unapanga chupa za achari ya embe ndani ya katoni, kisha unamwagia vipande vyeupe vya plastiki, vyepesi havina uzito, ili chupa zisigongane. Wafanyakazi waliviita bisi, maana vilifanana na bisi za mahindi. Iddi alizimwaga siku nzima macho yako mbali. Bisi zilishuka polepole, zikaelea, zikamkaa nywele na kope. Ukimwita haitiki. Yuko wapi? Yuko chini ya msufi, mwezi wa kuvuna, sufi inapasuka juu na kushuka yenyewe, nyeupe, mtu ananyoosha kiganja tu. Akirudi akiitazama ile bisi mkononi anaona aibu kidogo. Imetoka ukoo mmoja na sponji, na yeye ndiye anayeimwaga.

Bisi zilikuwa na tabia mbaya moja, hazijui kutulia. Upepo ukivuma zinatoka mlangoni, zinavuka barabara, zinaingia mashambani kwa watu. Mvua za El Nino zilipokuja zikateremka na maji mpaka mikokoni, ukitazama kwa mbali utadhani miti imechanua. Jirani wa kiwanda, mzee Menza, akaja siku moja na mbuzi wake begani, amekufa.

"Nimempasua," akasema. "Tumbo limejaa bisi zenu. Mmepikia nani?"

Aliyemjibu alikuwa Kathini, msimamizi wa kupakia, mama wa Kikamba aliyekulia Mackinnon Road, mkavu wa maneno lakini mwenye haki. Akamwomba mzee radhi, mbuzi akalipwa, akaingia kwa tajiri mwenye kiwanda, mlango ukafungwa. Alipotoka akawakusanya watu.

"Bisi zinatumaliza," alisema. "Zinaua mifugo, zinachafua mikoko, na hiyo barabara ya Nairobi vile mvua imeiharibu, katoni ikifika Samburu bisi zote zimeshuka chini, chupa zinapigana juu. Nataka kitu cha hapa hapa. Kitu ambacho kikianguka shambani kwa mtu, hakuna kesi."

Wakajaribu majani makavu ya mgomba, yakasagika. Wakajaribu unga wa mbao, ukaingia kwenye mifuniko. Iddi muda wote huo macho yako mbali, watu wakajua keshaenda zake. Kumbe siku hiyo alikuwa hapo hapo.

"Chupa haitaki kushindiliwa," akasema. "Chupa inataka kulazwa."

Vijana wa kupakia wakaangua kicheko. "Mzee Iddi, hata chupa?"

"Hata chupa. Chini unaipa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yadunde kidogo. Ubavuni unaivisha foronya ya sufi. Ikifika, foronya inavuliwa, inarudi na lori, inafuliwa, inavaliwa tena."

Kathini hakucheka. "Utashona mzigo mmoja wa majaribio," akamwambia. "Nakwambia mbele ya watu, usije ukaniambia sikusema. Chupa zikifika salama, hapa tunaanza kushona na wewe ndiye fundi. Zikivunjika, tajiri anarudisha bisi. Na wewe nitakupeleka langoni, ufungue na kufunga."

Iddi akaitika. Nyumbani akapanda darini, akawafukuza panya, akateremsha magunia. Mkewe Mwanatumu, mwanamke mwenye ulimi na subira kwa pamoja, akatandika mkeka uani wakaichambua sufi, kokwe huku, manyoya huku. Sufi ilipanda hewani ikawazunguka. Iddi alikuwa akisahau majina ya watu na siku za juma, lakini mikono yake haikuisahau kazi hii. Ilikwenda yenyewe. Foronya zikatoka ndogo ndogo, za kitambaa cha marekani, kama za watoto wachanga, akazipanga kivulini, akawa anazitazama vile mtu anavyotazama wanawe wamelala.

Sasa hapo ndipo alipoharibu.

Ami yake aliyemfundisha ushoni alimpa sharti moja. Godoro la harusi halifungwi mdomo bila maua ya asumini na mkadi ndani. Godoro lisilo na harufu ni gunia, na fundi aliyelishona ni mchukuzi. Iddi maisha yake yote hakufunga mdomo mkavu. Siku ya mwisho akafika kwenye kufunga, sindano ikasimama, mkono ukakataa. Akatoka, akarudi na asumini mbichi ndani ya kikapu na mkadi uliokatwakatwa. Kila foronya akaitia kidogo. Mwanatumu alimwona. Akakohoa.

Lori likaondoka asubuhi, dereva ni Musyoki, na Iddi akasimama mlangoni mwa kupakia, katoni mikononi, akiwa ameondoka nalo. Mwili ndio uliobaki kiwandani. Alivuka feri Likoni, akapanda Mazeras, akapita Samburu watu wakiswaga ng'ombe kando ya lami, na kila shimo la barabara alilipokea yeye kwa mgongo wake. Chupa zimelala. Lori linazitikisa kama mama anavyotikisa kitanda, na ndani ya giza la katoni asumini zinafunguka. Vumbi jekundu linapita nje, halijui kilichomo. Pale Mackinnon Road treni inapiga honi, chupa moja inajigeuza, inalala tena.

"Mzee Iddi!" Kathini akamwita. "Hiyo katoni unaifunga ama unaibembeleza?"

Siku zikapita. Musyoki akarudi akashuka na furushi la foronya. Watu wote wakaacha kazi.

"Haikuvunjika hata moja," akasema. Kabla kelele hazijaisha akaendelea, "Lakini mzee, ulinitilia nini mle? Kila nikisimama, mtu ananiuliza bibi harusi yuko wapi. Samburu kuna mama amefungua turubai amtazame!"

Kicheko kikawa kikubwa. Kathini alicheka pia, kisha akaingia kwa tajiri na foronya moja na chupa aliyorudi nayo Musyoki. Alipotoka akaiweka chupa mezani mbele ya Iddi. Lebo yake imeota ukungu wa kijani, huwezi kusoma kama ni achari au ni dawa ya kupe.

"Zimekaa godauni Nairobi siku kadhaa kabla ya kufunguliwa," alisema. "Nimepasua foronya. Nimekuta maua."

"Asumini," Iddi akasema. "Na mkadi."

"Mabichi?"

"Asumini kavu ni majani ya chai, bosi."

Kathini akashusha pumzi. "Sikiliza. Tajiri amefurahi na sufi. Lebo amesema atazisamehe mara hii moja. Lakini maua hapana. Hata moja. Ukikubali, kesho tunaagiza sufi kwa wote wenye misufi mpaka Lungalunga. Ukikataa, bisi ziko pale, na lango liko pale."

Mtu mwingine angeruka. Iddi akaomba alale nayo mpaka kesho. Kathini akamtazama kana kwamba amesikia mbuzi anaomba likizo.

Akarudi kwa miguu, foronya moja iliyopasuliwa ndani ya kanzu. Ilikuwa bado inanukia kwa mbali. Kushona kavu! Si afadhali lango? Lango halina aibu, unafungua, unafunga, hakuna aliyekufundisha. Alimkuta Mwanatumu jikoni, akamweleza yote, akimaliza kwa masikitiko makubwa kwamba sasa chupa zitasafiri kama mayatima.

Mwanatumu akageuza samaki kwenye kikaango. "Hizo chupa zinaolewa na nani?"

Iddi akaitoa ile foronya ndani ya kanzu, akainusa.

"Nauliza tu, bwana. Maharusi wote wa Msambweni umewatilia asumini. Sasa umezitilia na chupa za achari. Mimi nalala juu ya nini?"

Iddi akageuka akatazama ndani, kupitia mlango wa chumba. Juu ya kitanda palikuwa na godoro la sponji, lenye maua ya kuchorwa, limebonyea katikati kama mtaro. Alilinunua mwenyewe, mwaka ule biashara ilipokufa, kwa sababu godoro lao la sufi alimuuzia mteja aliyekuja na haraka. Akamwambia mkewe atamshonea jingine. Halafu nadhani alilala.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kiwandani. "Nitazifunga kavu," akamwambia Kathini, na akazifunga, sindano ikiguna kidogo mwanzoni. Baada ya muda ua wa kiwanda ukawa na kamba za foronya zilizofuliwa, zinapepea, na mbuzi wa mzee Menza wanapita chini yake hawali kitu. Bisi za zamani hazikuisha mikokoni. Mpaka leo ukienda utaziona, zimekuwa za kijivu.

Na sufi iliyobaki kila jioni, mabaki ya kufagia, Kathini alimruhusu aichukue. Ilikusanyika polepole. Ijumaa moja alasiri godoro likatimia, likatandazwa uani kwa Mwanatumu. Iddi akatia asumini na mkadi kwa viganja viwili mpaka kikapu kikaisha, akafunga mdomo bila haraka. Kisha akalilalia, apate kusikia kama pana donge. Akajigeuza mara moja.

Mwanatumu akatoka na shuka mpya mikononi, akasimama juu yake. Akaitia ile shuka begani, akavuta kigoda, akakaa kumngoja aamke.