Almasi Aliyonichagulia Mama Mkwe

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu: siku mama mkwe wangu alipoingia nyumbani kwetu Bugarama akiwa amejivika pete yangu ya uchumba.

Najua hukuja hapa kusikiliza habari za wakwe zangu. Umekuja na simu yako, umenikalisha dukani kwangu katikati ya vitenge, unanipitishia picha za almasi kwa kidole, hii ya mviringo, hii ya mraba, hii kama tone la maji, na kila moja unasema, "Mama Mkubwa, tazama hii." Nimetazama mpaka macho yameanza kutoa machozi. Kisha ukateremsha sauti ukaniomba twende Bukavu mimi na wewe tu, tukachague kimyakimya, kwa sababu mama yako hamtaki yule binti wa Muganza unayetaka kumposa. Hapo ndipo nilipokuelewa. Kaa basi, kunywa chai yako kabla haijapoa. Wateja wakija watasubiri, vitenge havina miguu.

Mimi nilikuwa msichana wa Bugarama, huko bondeni, kazi yangu kushona midomo ya magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baba Mkubwa wako, Yusufu, alikuwa anateremka kutoka Kamembe, juu kando ya ziwa, kununua mchele wa kuuza. Alikuja mara nyingi kuliko biashara ilivyohitaji, na kila mtu pale mashineni alikuwa analijua hilo isipokuwa yeye mwenyewe. Alipopeleka habari yangu kwa mama yake, mama akakataa. Hakuwa na neno baya juu yangu. Alikuwa tu amekwisha kumchagua binti wa binamu yake kule Bukavu, mtoto aliyemwona akikua, na mimi hakunijua. Akatafuta sababu, akasema watu wa bondeni tumezoea joto, nitafika Kamembe nianze kukohoa kwa baridi ya ziwa. Wallahi ndivyo alivyosema. Yusufu akang'ang'ania, na kwa kuwa alikuwa mwanawe wa pekee, mama mwishowe akakubali kwa midomo tu.

Desturi yetu unaijua. Mwanamume hamvishi mchumba wake pete. Yeye hubaki uani na wanaume wenzake, na mama yake ndiye anayeingia chumbani kwa wanawake kumvisha binti. Na huko uani hakuna anayefunua sahani ya pilau mpaka vigelegele visikike kutoka ndani. Kwa hiyo siku ile kidole changu kilikuwa kinasubiri mkono wa mtu asiyenitaka. Nilikuwa namwogopa mama yule kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote, na hata uso wake nilikuwa sijauona.

Jiwe walikuwa wamelichagua mapema, mama na mwana, katika duka la mfanyabiashara mmoja wa dhahabu kule ng'ambo ya mpaka, Bukavu. Sonara akalipachika kwenye pete, akawakabidhi asubuhi ya siku ileile ya kunivisha. Sasa fikiria daraja la mpaka saa za asubuhi, watu wamebanana, huyu na kapu la samaki, yule na gunia la unga, na Yusufu ana kijiboksi mfukoni. Akaingiwa na hofu ya wezi. Kuivaa hawezi, mwanamume wa Kiislamu haweki dhahabu kidoleni. Akamwambia mama yake, "Maman, muvae mweye, mupaka tuvuke." Mama akaisukuma kwenye kidole cha mwisho, ndicho pekee kilichokubali, wakavuka.

Wakavuka, wakapanda gari, wakaanza kuteremka Bugarama. Wewe unalijua joto la kule chini. Mama amejifunika mtandio wake mzito wa sherehe, gari limejaa mashangazi, jua linapiga kwenye vioo. Vidole vikavimba. Walipofika kwetu pete haisogei hata kidogo, na mama, kwa aibu, hakumwambia mtu.

Akaingia, akasalimia, akakalishwa kwenye mkeka mpya. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kama bibi arusi anavyotakiwa, lakini niliuona mkono wake wa kushoto umejificha ndani ya mtandio. Tukangoja. Shangazi yangu Mwajuma, ambaye subira hakujaliwa, akasema, "Maman Yusufu, tuko nangojea pete."

Mama akautoa mkono.

Jiwe lile lilikuwa linang'aa kwenye kidole chake, na hakuna mwanamke mle ndani ambaye hakuelewa vibaya. Mama mkwe kuja kwenye posa amejivalisha pete ya binti! Kwetu sisi hiyo ni sawa na kusema mtoto wenu simtaki, na nyumba ya mwanangu ina mwenyewe.

"Hii ni nini sasa?" Shangazi akapaza sauti. "Bamekuja kuposa, ao bamekuja kutuonyesha ile nyumba iko na bibi yake?"

"Imekwama," mama akasema kwa sauti ndogo. "Nilivaa juu ya kuvuka tu. Imekwama, haki ya Mungu."

Nani angemwamini? Wote walikuwa wamekwisha kusikia habari ya yule binti wa Bukavu. Mmoja akasema wanaume waitwe, wabebe masanduku yao ya zawadi warudi walikotoka. Mwingine akaleta sabuni na maji, wakaanza kumvuta, huyu anashika mkono, yule anashika pete, na kadiri walivyovuta ndivyo kidole kilivyozidi kuvimba. Mama akafumba macho, machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa na hasira, mwanangu, sitakuficha. Niliamini amefanya makusudi. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni: mwachieni pete yake, aende nayo. Ningelitamka, leo ungekuwa na Baba Mkubwa mwingine.

Kilichonizuia ni kile kidole. Mashineni kwetu wapakizi walikuwa wanakwamiwa na pete kila msimu wa mavuno, mikono ikivimba kwa kubeba, na sisi washonaji ndio tuliowavua kwa uzi. Nikakitazama kidole cha mama, chekundu, fundo la kiungo limejaa, nikajua hakidanganyi. Hakuna mtu anayejitesa namna ile kwa makusudi.

Nikaomba uzi mwembamba na mawese kidogo.

"Zuhura, kaa!" Shangazi akaruka. "Bibi arusi hashikake mafuta!"

Sikukaa. Nikaenda kupiga magoti mbele ya mama yule na nguo zangu mpya, nikauchukua mkono wake, nikauinua juu kwanza damu ishuke. Kisha nikapaka mawese, nikapitisha ncha ya uzi chini ya pete, nikaanza kuuzungusha kidoleni, mzunguko juu ya mzunguko, kubana lakini si kuumiza, mpaka nikavuka lile fundo. Kazi hiyo haitaki haraka. Vichwa vyetu vilikuwa karibu, na wanawake wengine walikuwa wanabishana, kwa hiyo tukazungumza sisi wawili.

"Jiwe nzuri," nikamwambia, nimtulize tu.

"Yusufu alikuwa anataka ingine," akanijibu kwa kunong'ona. "Kubwa kuliko hii. Alikuwa anataka bantu ya kartie, mutaa muzima, bashangae. Nikaibeba mupaka ku mulango, ku mwangaza, nikaona iko na doa ndani, nyeusi. Muuzaji akasema haitaonekana, juu itafunikwa na dhahabu. Nikakatala. Nikamuambia Yusufu, mutoto ya bantu hatavaa kitu ya doa."

Mikono yangu ikasimama. "Lakini Maman, hamukunipenda."

"Sikukupenda," akasema bila kuficha. "Hata sikukujua. Lakini doa ni doa."

Sijui nikuelezeje, mwanangu, moyo wangu ulivyogeuka pale. Mwanamke huyu hakunitaka. Alikuwa na nafasi yake. Angenyamaza tu, mwanawe angenunua lile jiwe kubwa lenye uchafu ndani, mimi ningelivaa maisha yangu yote bila kujua, na yeye angecheka peke yake kila aliponitazama mkono. Hakuna ambaye angemshitaki. Lakini alikwenda mlangoni, akalitazama vizuri jiwe la mtu asiyempenda, akakataa nidhulumiwe. Hasira yangu yote ikaisha. Nilitamani kumkumbatia, nikaogopa kumpaka mawese.

Nikashika ile ncha ya chini nikaanza kuufungua uzi taratibu, na kila mzunguko ulipofunguka pete ikasogea kidogo, ikapanda fundo, ikalivuka, ikaniangukia kiganjani. Shangazi Mwajuma akasema "Ee!" kisha akanyamaza, jambo ambalo kwake ni nadra.

Sikuivaa. Nikamrudishia mama, nikamnyooshea kidole. "Munivalishe basi, Maman."

Akaifuta mawese kwa pindo la ule mtandio wake wa sherehe, akaanzia kwenye jiwe, akafuta mpaka likawa safi kabisa. Akanivisha. Akaushikilia mkono wangu bila kuuachia, akalia mbele ya watu wote, na mimi nikalia. Vigelegele vilipopigwa, pilau ya wanaume ilikuwa imepoa zamani. Yusufu anadai mpaka leo kwamba alianza kuota mvi siku ile pale uani.

Niliishi na mama yule mpaka Mungu alipomchukua, na baridi ya ziwa haikunikohoza hata mara moja, nikawa namkumbusha hilo tukichambua mboga, anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi na yeye tuliwachagulia pete mabinti wengi wa Kamembe. Kwa hiyo usidhani sijui ninachosema. Jiwe usilitazame chini ya taa za dukani, taa zile zimewekwa kwa faida ya muuzaji. Libebe mpaka mlangoni, penye mwanga wa mchana. Ligeuze, litazame kwa ubavuni na kwa chini. Lipulizie pumzi, almasi ya kweli ukungu wake unatoweka mara moja. Kati ya kubwa lenye doa na dogo safi, chukua dogo. Na mwambie sonara alipachike chini chini, lisije likanasa nyuzi kila mkeo akifua.

Hayo ni ya jiwe, ungeweza kuyasikia hata kwa mwingine. Ninalotaka ulichukue ni hili: sitakwenda nawe Bukavu. Nenda na mama yako.

Usinikunjie uso. Unaogopa kwamba kwa vile hampendi binti, atakuchagulia vibaya. Mama yako ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, namjua. Ana mdomo, ana kichwa kigumu, lakini dhuluma hawezi. Ukimficha, utamfundisha kwamba binti huyu ameingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, na atamtazama hivyo daima. Ukimpa jiwe mkononi na kumwambia achague, itambidi amfikirie yule binti, kidole chake, kazi zake, kinachomfaa. Mtu hawezi kumfikiria mwenzake namna hiyo halafu akabaki kama alivyokuwa. Na kama kweli atakuchagulia lenye doa kwa chuki, basi utalijua hilo mchana kweupe, dukani, kabla hujamleta mtoto wa watu aje aishi na chuki hiyo.

Basi izime hiyo simu. Mama yako saa hizi yuko nyumbani anachambua maharage, keti karibu naye umsaidie, kisha umwambie, "Maman, twende munichagulie." Usiongeze neno. Akikataa, rudi hapa, nitafunga duka twende kwake wawili tukamwombe, na mimi nitapiga magoti kabla yako.

Mungu akuvushe daraja salama, mwanangu, wewe na yeye. Ayaangaze macho ya mama yako pale mlangoni mwa duka. Na ambariki yule binti wa Muganza, ambaye leo yuko kwao na kazi zake, hajui kwamba kuna mwanamke anayekwenda kuombwa amchagulie kitu kizuri kabla hajampenda.